Mtoto anajifunza nini mbele ya televisheni?

Wazazi wa Kasongo na Kabambare huuliza: televisheni inamsaidia mtoto, au inamharibu? Inategemea anaangalia nini, na nani ameketi karibu naye.

Kipindi cha Sesame Street kilianza Marekani mwaka 1969. Walipokuwa wanakitengeneza, watafiti waliweka picha nyingine kando ya televisheni, wakaandika kila mara mtoto alipogeuza macho. Sehemu iliyomchosha ilirekebishwa. Filamu za kupigana, zile za kwenye nyumba za video, nazo zinashika macho ya mtoto, lakini hazimwulizi kitu.

Jirani zetu wa Tanzania wana vipindi vyao. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014, likifundisha hesabu kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo. Kisha kikaja Akili and Me, cha watoto wa miaka 3 mpaka 6. Akili, msichana wa miaka minne, anauliza, ananyamaza kidogo, mtoto anajibu. Watafiti waliwapima watoto wadogo wa Morogoro: waliotazama kipindi hicho waliwapita katika kuhesabu na kutambua tarakimu wenzao waliotazama vipindi vingine.

Kwetu, lugha ni jambo kubwa. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa shuleni. Mtoto wa Salamabila ambaye masomo yake yalikatika kwa kukimbia vita anaweza kufuata hesabu hizo bila kungoja Kifaransa. (Atacheka baadhi ya maneno ya Watanzania. Acha acheke.)

Shida ni umeme. Parokia yenye sola na televisheni inaweza kukusanya watoto nusu saa Jumamosi. Isiyo nayo itumie redio, maana Ubongo wanatengeneza vipindi vya redio pia.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya televisheni, wa miaka 2 mpaka 4 asipite saa moja kwa siku.

Kumbukumbu la Torati 6 inampa mzazi kazi ya kufundisha nyumbani na njiani. Basi kipindi kikiisha, zima, umpe mtoto maharagwe kumi. Aondoe matatu. Muulize yamebaki mangapi, na umngojee, hata akikawia.