Daktari Atakuuliza Nini?

Tuseme mwenzako wa kidato cha tatu kanaswa na msokoto wa bangi. Mwalimu wa nidhamu kaita wazazi, nao wamekata shauri: kesho hospitali. Usiku huo mwenzako halali. Nitapelekwa polisi? Nitachomwa sindano? Baba ataambiwa kila kitu?

Kinachomsubiri kinaitwa tathmini. Daktari, nesi au mshauri nasaha anakaa na kijana, anamuuliza maswali ili ajue amefika wapi. Je, kajaribu tu? Anatumia na mambo yameanza kuharibika? Au mwili umeshazoea kiasi kwamba hauwezi tena kukaa bila kitu hicho? Hao watatu hawasaidiwi kwa njia moja. Wa kwanza huenda akahitaji mazungumzo mafupi tu. Aliyezama kwenye unga anahitaji dawa na uangalizi wa muda mrefu.

MASWALI SITA

Kule Boston, Marekani, madaktari wa hospitali ya watoto walitunga maswali sita yanayoitwa CRAFFT. Yalichapishwa 1999, na leo yanatumika kwa vijana wa miaka 12 hadi 21. Kwa kifupi yanauliza hivi:

1. Umewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa au aliyevuta, au kuendesha wewe mwenyewe ukiwa hivyo? (Kwetu weka na bodaboda!)
2. Unatumia ili utulie, ujisikie vizuri au ukubalike na washkaji?
3. Unatumia ukiwa peke yako?
4. Umewahi kusahau mambo uliyofanya ulipokuwa umetumia?
5. Ndugu au marafiki wamewahi kukuambia upunguze?
6. Umewahi kuingia matatani ulipokuwa umetumia?

"Ndiyo" mbili au zaidi zinamwambia daktari achunguze zaidi. Peke yake hazitoshi kusema wewe ni mlevi.

MKOJO JE?

Wengine hupimwa mkojo. Lakini kipimo hicho kina mipaka yake. Pombe huondoka mwilini kwa saa chache. Bangi ya mara moja inaweza kuonekana kwa siku 3 hivi, ila kwa anayevuta kila siku hata mwezi unaweza kupita. Gundi haionekani kabisa kwenye vipimo vya kawaida. Tena mkojo hausemi kwa nini ulianza, wala kama ukiacha utaumwa. Hayo unayajua wewe tu.

UKIFICHA, UNAJIUMIZA

Hapa pana hatari, soma taratibu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege ndani ya siku mbili. Anaweza kufa. Daktari akijua mapema, atampa dawa za kumvusha salama. Ukimwambia "nakunywa kidogo tu" kumbe ni gongo asubuhi na jioni, atakuruhusu urudi nyumbani ukiwa hatarini. Vilevile, aliyeacha unga kwa wiki kadhaa kisha akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua, maana mwili haukihimili tena.

WAZAZI NAO WANA ZAMU

Baba na mama hawaji kama mashahidi wa mashtaka. Nao wataulizwa: mtoto alianza kubadilika lini? Nyumbani nani anakunywa? Kuna ugomvi, msiba, talaka? Katika nyumba nyingine mama anauza pombe ili alipe ada, na mtoto ndiye anayewahudumia wateja. Hapo kumfokea kijana hakutoshi. Familia nzima inapaswa kupanga upya mambo yake.

Mtaalamu mzuri atazungumza na kijana peke yake pia. Kabla hujaanza kueleza, muulize bila woga: "Dokta, haya nitakayosema, nani atayajua?" Kwa kawaida siri hutunzwa, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Ni haki yako kujua hilo mapema.

USINGOJE KUKAMATWA

Si lazima mwalimu akunase ndipo uende. Hospitali ya wilaya ni mahali pa kuanzia: ulizia huduma za afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii. Kwa wanaotumia unga, Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine ya Tanzania. Kama unaogopa kwenda peke yako, mchukue shangazi, mjomba au mwalimu unayemwamini.

Na wewe mzazi unayesoma gazeti hili la mwanao: fimbo haitakuambia mtoto anatumia nini, wala kwa kiasi gani. Muulize, kisha nyamaza umsikilize.