Simu inayoimba, mabaki ya seremala na vizibo kumi

Huku Swima, kijiji chetu cha Fizi kando ya Ziwa Tanganyika, usiku wa giza ndio wenye pesa. Wavuvi huingia ziwani na taa, ndagala hufuata mwanga, na kukicha wanawake wanaanika mchangani. Siku hizo mzazi akipita sokoni hasiti sana kusimama mbele ya meza ya vitu vya plastiki. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, na kila faranga inaulizwa inakwenda wapi. Mimi kosa langu nililifanya katika juma la giza.

Ilikuwa simu ya plastiki yenye vitufe vya rangi. "Papa, chukua hii," kijana wa meza aliniambia, "mtoto atasahau hata kulia." Akabonyeza. Ikaimba kwa Kiingereza, sauti ya juu kuliko redio yangu. Binti yangu, miaka mitatu, aliibonyeza siku nne mfululizo bila huruma kwa majirani. Siku ya tano nilimkuta nyuma ya nyumba na yaya wake, yaani nduguye mkubwa, wameinamia rundo la vizibo vya chupa za Primus na Fanta, wakitenga vyekundu mbali na vya njano. Simu ilikuwa chini ya kitanda, inaimba peke yake kwa sauti ya betri iliyochoka.

Tangu hapo kichezeo sikipimi kwa bei ya mezani. Nakipima kwa siku kitakazochezewa. Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu, maana za kweli hupanda na kushuka kulingana na hali ya barabara ya Uvira na mzigo ulioingia kwa maji. Wewe weka zako. Tuseme simu ni faranga 6,000. Inakula betri mbili kila juma, na betri mbili ni 1,000. Kwa mwezi umetoa 10,000. Kama mtoto kaichezea siku nne, kila siku ya mchezo imekugharimu 2,500. Sasa nenda kwa seremala. Umpe 3,000 akukatie vipande ishirini kutoka kwenye mabaki ya mbao, virefu na vifupi, na kipande cha msasa cha kulainishia kingo. Vipande hivyo havina cha kuharibika. Vikikaa miaka miwili tu, na vitakaa zaidi, ni faranga kama nne kwa siku, na mdogo wake bado hajaanza kuvitumia.

Lakini bei si shauri lote. Swali ni kazi inafanywa na nani. Simu inayoimba hufanya kazi yenyewe, mtoto anabaki kuwa mtazamaji mwenye kidole. Mwaka 2015, huko Arizona, Marekani, mtafiti Anna Sosa alichapisha matokeo ya kuwarekodi wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza majumbani. Walipopewa vichezeo vya umeme, wazazi walisema maneno machache kuliko walipokuwa na vitabu vya picha au vichezeo vya kawaida kama picha za kuunganisha, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Kichezeo kilipoongea, mzazi alinyamaza. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikawashauri wazazi vivyo hivyo: vitu rahisi, vinavyomvuta mtu mwingine kuja kucheza. Kwa hiyo ukiona kasha limeandikwa kwamba kitu kitamfanya mtoto awe na akili, soma hayo kama unavyosoma maandishi ya ubavuni mwa basi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Jamaika, kwa sababu unafanana na kwetu. Mjini Kingston, katikati ya miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila juma kwa miaka miwili na mhudumu wa afya, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto. Vichezeo vilitengenezwa kwa vitu vilivyokwisha matumizi. Viliachwa nyumbani, juma lililofuata vikabadilishwa na vingine. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Taarifa hiyo ilitoka katika jarida la Science mwaka 2014. Wapo waliopewa maziwa tu bila mchezo, na kwao faida ya namna hiyo haikuonekana. Angalia vizuri hapo: si kichezeo peke yake kilichomsaidia mtoto, ni kichezeo pamoja na mama aliyekaa chini. Na kile kitendo cha kubadilisha vichezeo ni cha bure kabisa. Nyumbani kwetu vitu viko kwenye vikapu viwili. Kimoja kinafichwa juu ya kabati, na kikishuka baada ya majuma mawili kinapokewa kama mzigo mpya kutoka Bujumbura.

Sasa nirudi kwenye vizibo, maana hapo ndipo mtu wa Swima ana utajiri asioujua.

Chora mchangani mstari wa vyumba kumi, kutoka kushoto kwenda kulia, andika 1 hadi 10. Dadu huna haja nayo: rusha kizibo kimoja, kikiangukia mgongo unasogea hatua moja, kikiangukia tumbo unasogea mbili. Kila mchezaji ana kizibo chake cha kutembeza, cha rangi yake. Kanuni kubwa ni moja, na watu wazima ndio huivunja. Mtoto akiwa kwenye 5 akapata mbili, asihesabu "moja, mbili". Aseme "sita, saba", akigusa vyumba. Mchezo kama huu ulijaribiwa Marekani na Geetha Ramani na Robert Siegler, taarifa yao ikatoka mwaka 2008: watoto 124 wa shule za awali, wa familia zenye kipato kidogo, vipindi vichache vya dakika kama 15, jumla kama saa moja. Waliochezea ubao wa namba waliongeza uwezo wa kuhesabu, kuzitambua namba zilizoandikwa na kujua ipi kubwa kuliko ipi, na baada ya majuma tisa walikuwa bado wanao. Waliochezea ubao uleule wenye rangi badala ya namba hawakupata hayo. Mwaka uliofuata walijaribu pia ubao wa duara. Wa mstari ulionyooka ukaushinda. Kwa hiyo usichore konokono, hata kama anapendeza.

Bei yake: sifuri. Ukitaka kibao cha kudumu, ubao mmoja wa seremala na kaa la kuandikia.

Gharama iliyofichika ni muda, na hapa ndipo huwa nagombana na wageni wanaokuja na semina kutuambia vichezeo vya nyumbani ni bure. Mama aliyeamkia shamba la muhogo, akarudi kuanika ndagala na kuchota maji, dakika zake 15 si bure. Lakini mhesabuji anaweza kuwa yaya wa miaka tisa, ambaye naye hesabu zake za darasani zinanyooka. Anaweza kuwa bibi. Mama yangu mzazi hasomi, ila namba hadi kumi anazisoma bila shida, na ni mkali: ukisema "moja, mbili" anakurudisha nyuma.

Kwa wakubwa, wa miaka saba kwenda juu, kuna mashimo. Bao la Kiswahili linalochezwa Kigoma lina mashimo 32 na kete 64, na ni gumu hata kwa mtu mwenye ndevu. Anza na mashimo 12 ardhini, safu mbili za sita, kokwa nne za michikichi kila shimo. Mtoto anajifunza kutazama mbele: nikipanda kutoka hapa nitaishia wapi? Kokwa hazikosekani Fizi, kila anayekamua mawese anazo gunia zima. Gari la waya pia ni zuri kwa umri huu, magurudumu yake ya kandambili zilizokwisha. Akili inafanya kazi zaidi katika kulitengeneza kuliko kulisukuma, kwa hiyo usimnunulie lililokamilika. Ncha za waya zikunjwe ndani. Mwanasesere wa kitambaa wala sina la kusema: kila nyumba inajua kumshona, na mtoto anayemlaza na kumgombeza anafanya mazoezi ya lugha mchana kutwa.

Je, kuna cha kununua? Kipo. Kitabu cha picha cha Kiswahili, ukikipata kwa mtu anayetoka Kigoma au Bukavu, nunua kabla ya kitu kingine chochote, hata kama bei inauma, kwa kuwa hicho huwezi kukikata kwenye boksi. Chaki na kibao cha kuandikia. Mpira wa kweli, kama watoto wa uani ni wengi. Gawanya bei kwa vichwa na utaona ni rahisi. Picha za kuunganisha nazisifu kwa shingo upande: kipande kimoja kikipotea, na kitapotea, thamani yake imekwisha. Bandika picha ya kalenda ya mwaka jana kwenye boksi gumu, kata vipande vinane. Kimoja kikipotea, kalenda za mwaka juzi zipo.

Usalama sitaufupisha. Kizibo kimoja ni kidogo kiasi cha kuziba koo la mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kokwa, maharage na mawe madogo vivyo hivyo. Huyo mpe vifuniko vya madumu makubwa, sufuria na vijiko. Betri ndogo bapa, ile inayong'aa kama sarafu, ni hatari kuliko zote: ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hiyo ni safari ya hospitali papo hapo bila kungoja kukohoa. Kichezeo ambacho kifuniko chake cha betri hakina skurubu kiache mezani. Betri kuukuu za redio na tochi, ambazo watoto wetu huzipasua kutafuta ule mkaa wa ndani, zikae mbali nao. Na sisi wa ziwani tuna letu: vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu. Ni vizito, laini, vinapendeza kung'atwa, na risasi huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Utamnunulia vitabu kwa mkono mmoja na kumwibia akili kwa mkono wa pili.

Ile simu niliifungua kwa kisu juma lililopita, nikatoa betri. Sasa binti yangu anaipiga kila asubuhi, anamuuliza bibi yake aliyeko Baraka kama ndagala zimeshuka bei, anangoja jibu, anaguna, anauliza tena.