Elimu na Imani Chini ya Mlima Meru

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: imani, maarifa, hati, mizani. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja, bila haraka.

(Muziki mfupi. Wanafunzi wanasoma.)

Vema. Sasa tuingie katika swali la leo. Je, kusoma ni jambo la dunia tu, la kutafutia kazi na mshahara? Au kusoma kunamhusu Mungu pia? Tutatafuta jibu hapa hapa kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Shule za kwanza za Kikristo katika nchi hii ya Meru na Arusha zililetwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani. Mwanzo wao haukuwa mwema. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Tusiwahukumu wazee wetu upesi. Wageni wale walikuja wakati mmoja na askari wa serikali ya Kijerumani, na mwenye shamba akiona watu wawili njiani pamoja, mmoja ana kitabu na mwingine ana bunduki, atajuaje kwamba safari zao ni mbalimbali? Baada ya mauaji hayo Wajerumani walilipiza kisasi kikali. Watu wengi walikufa na mifugo mingi ilichukuliwa.

Hata hivyo kitabu kilirudi. Mwaka 1902 misheni ilianzishwa Nkoaranga, na mwaka 1904 nyingine ikaanzishwa Ilboru, karibu na mji wa Arusha. Katika misheni hizo shule na kanisa vilikuwa kama mapacha. Mwanafunzi alijifunza herufi ili aweze kujisomea Neno la Mungu, asingoje kusomewa na mwingine. Kisha vita kuu ya kwanza ikapita, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Je, kazi ilikufa? La. Walimu Waafrika waliendelea kufundisha na kuhubiri. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba elimu ile ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wenyeji.

Sasa sikilizeni jinsi kusoma kulivyotumika miaka mingi baadaye. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wangeweza kushika mikuki. Badala yake walishika kalamu. Waliandika hati za malalamiko, wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, aende mpaka New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Alisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mtu wa Bermuda. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao mara moja. Lakini dunia ilisikia, na watu wa Tanganyika walijifunza kwamba mnyonge mwenye kalamu hawezi kunyamazishwa kwa urahisi.

Angalieni basi. Herufi zilizofundishwa ili watu wasome Maandiko, herufi hizo hizo ziliandika hati ya kudai haki. Mambo haya mawili hayagombani. Mtu aliyefundishwa kwamba kila mwanadamu ameumbwa na Mungu hawezi kuridhika akiona jirani yake anatupwa nje ya nyumba yake.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuseme maana ya kumweka Mungu katikati ya masomo. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba maarifa ya kweli huanzia katika kumheshimu Mungu. Kwa nini? Kwa sababu maarifa ni kama panga. Kwa panga moja mtu huwakatia ng'ombe wake majani, na kwa panga hilo hilo aweza kufyeka migomba ya jirani usiku. Panga halichagui. Anayechagua ni mkono, na mkono huongozwa na moyo.

Chukueni mfano wa mizani ya kahawa. Mama asiyejua kusoma hupeleka gunia lake na kupokea analoambiwa. Akijifunza namba, ataona mwenyewe kama ni kilo 40 au 46. Hiyo ni faida kubwa. Lakini siku moja mama huyo, au mwanawe, aweza kuwa ndiye mwenye kushika mizani. Je, atampunja asiyejua? Elimu ya namba imemwonyesha zile kilo sita. Imani ndiyo inayomwambia azirudishe kwa mwenyewe.

Wengine husema, "Mimi namtegemea Mungu, nitaomba tu." Kuomba ni vizuri, ndugu. Lakini sala haiwezi kukusomea kitabu. Jisaidie, na Mungu atakusaidia. Na wengine husema, "Nimezeeka, nitaona haya." Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Mwethiopia mmoja, mtu mzima, mwenye cheo kikubwa penye hazina ya malkia. Alikuwa akisoma garini asielewe maana yake. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, hakujifanya mjuzi. Alimkaribisha Filipo apande akae naye, amweleze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na wenzetu Waislamu mliomo darasani, nanyi mmefundishwa kwamba neno la kwanza alilopewa Mtume Muhammad lilikuwa amri ya kusoma. Basi hakuna wa kubaki nyuma.

Sasa zungumzeni pamoja:

1. Kwa nini wazee wa Meru waliwashuku wamisionari wa kwanza?

2. Kusoma na kuandika kuliwasaidiaje Wameru mwaka 1951 na 1952?

3. Mtu mwenye elimu asiye na hofu ya Mungu aweza kuleta madhara gani kijijini kwenu?

4. Wewe ukijua kusoma vizuri, utamsaidia nani kwanza?

Swali la nne kila mtu aliandikie jibu la sentensi moja katika daftari lake, kwa mkono wake mwenyewe. Mwandiko ukipinda si kitu, bora jibu liwe la kweli. Mwenye kulisahihisha atakuwa yule jirani utakayemsaidia.

Kwaherini, ndugu zangu. Mungu awabariki katika masomo yenu.