Mchora Mabango na Sumu ya Risasi

Huku pwani ya Palma na Mocímboa da Praia upepo wa chumvi hula bati upesi. Ndiyo maana mchora mabango hupiga msasa, hupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha huandika herufi kwa rangi ya mafuta.

Hatari imo katika mabango ya zamani. Rangi nyingi nyekundu za kuzuia kutu, na za manjano, zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake hudhuru damu, figo na ubongo. Tangu 1921 Shirika la Kazi Duniani liliwekea mipaka rangi nyeupe ya risasi.

Basi bati kuukuu liloweshwe kabla ya msasa. Tunawe kabla ya kula. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, si hisani.