Ndege hawaulizi cheti

Wewe uliyemaliza kidato cha nne ukaapa hutagusa tena daftari la bayolojia, hebu tulia kidogo. Kuna sayansi isiyouliza ulipata gredi gani. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, na bado orodha zangu zinaingia kwenye ramani ambayo watafiti wanaitumia.

Ramani yenyewe ni Kenya Bird Map. Imegawanya nchi nzima kwa miraba, kila mmoja takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba, hata huo unaolala ndani yake, unazunguka humo kwa angalau saa mbili ukiandika kila aina ya ndege unayemwona au kumsikia, kwa mfuatano ule ule uliowapata. Unatumia simu tu, kwa programu ya BirdLasser. Bando likiisha usijali. Unaendelea kurekodi, unatuma ukipata waifai.

Najua unachowaza: mtaani kwetu kuna ndege gani jamani? Wapo. Kuna kwarara anayekuamsha kwa kelele kabla alamu haijalia. Kuna mwewe anayezunguka juu ya soko akivizia nyama ya watu. Kuna wale korongo wenye upara karibu na Uwanja wa Nyayo, ambao ukipita chini ya miti yao lazima uharakishe (unajua kwa nini). Andika wote. Wengi hudhani sayansi inataka ndege wa ajabu pekee, lakini huyu wa kawaida akianza kupotea, nani atajua kama hakuna aliyemwandika alipokuwa tele?

Chukua kunguru wa Mombasa, mwenye shingo ya kijivu. Si mwenyeji, asili yake ni India na nchi jirani. Kujua amepanda hadi wapi kuelekea bara, lazima kuwe na msee wa Voi au Kibwezi aliyemwona akaandika tarehe. Vilevile kuna kitabu cha ramani za ndege wa Kenya kilichochapishwa 1989. Orodha za leo zikiwekwa kando yake, ndipo inaonekana nani amehama na nani amepungua.

Sasa, sehemu inayowaudhi wengi ndiyo mimi naipenda: ukaguzi. Ukiandika ndege asiyejulikana kuishi eneo hilo, utaulizwa. Mdomo wake ulikuwa na rangi gani? Alikuwa akifanya nini? Una picha? Shuleni tulikariri hatua za utafiti kama wimbo, tukazitapika kwenye mtihani, zikaisha hapo. Huku unazielewa kwa sababu kuna mtu anakusubiri ujibu. Na kama huna hakika, unamwacha nje ya orodha. Anayekisia ili orodha yake ionekane ndefu anaharibia kila mtu.

Huwajui ndege hata kidogo? Nenda Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, Jumatano asubuhi. Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege, ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo tangu miaka ya 1970. Kuna ada ndogo kwa asiye mwanachama. Utakuta mzee wa miaka sabini na kijana wa chuo wakibishana kuhusu rangi ya mguu wa ndege, na si lazima mzee ashinde. Ni kweli, Jumatano ni siku mbaya kwa mwenye kibarua. Basi anza mwenyewe Jumapili, na ndege watano unaowajua vizuri.

Halafu kuna suala la ushago. Miraba ya Nairobi imetembelewa sana, lakini kaskazini mwa nchi kuna mingi ambayo haijawahi kupata orodha hata moja. Kama kwenu ni Wajir, Marsabit au Turkana, fungua ramani kabla hujapanda basi la Desemba uone mraba wa nyumbani una orodha ngapi. Ukikuta sufuri, ni wako. Amka mapema kabla jua halijakuwa kali, beba maji, na hakikisha simu ina chaji.