Mtepe wa Maboksi Wang'oa Nanga Kangemi

Mtoto wa Kangemi akisikia neno nahodha, hufikiri habari za mpira. Kwake nahodha ni yule avaaye utepe mkononi uwanjani, basi. Sishangai. Kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 500, na wengi wa watoto wangu wa chekechea hawajaona chombo cha majini ila pichani. Lakini mimi mzaliwa wa Lamu niliona uchungu neno letu la baharini liwafikie limevaa viatu vya mpira.

Basi tukaomba maboksi kwa wenye maduka. Misumari sikuitaka karibu na vidole vya miaka mitano; tukatoboa matundu, tukashona kwa kamba ya katani. Katika kushona nikang'amua kuwa tunajenga mtepe! Msomaji wa bara huenda hajausikia. Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili, hasa wa visiwa vya Lamu, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la mraba likisukwa kama mkeka. Ulipeleka boriti za mikoko hata Unguja. Katika karne ya 20 mitepe ikatoweka.

Tanga letu lilikuwa gunia. Nikawaonyesha omo, ndiyo mbele, na tezi, ndiyo nyuma. Kabla sijamaliza, kijana mmoja alikwisha kuning'inia ubavuni akigonga boksi: "Tao! Tao! Gari linaondoka!" Nilitaka kumkemea, kisha nikamhamishia omo atazame miamba. Baharini kiongozi wa njia huitwa rubani. Hilo nalo walidhani ni la ndege tu.

Wakapanda wote ila msichana mmoja. Kwao ni Budalang'i, ambako Mto Nzoia hufurika na watu wakahama kwa mitumbwi. Alisimama kando, mikono nyuma.

"Njoo, mama. Hapa ni pakavu," nikambembeleza.

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, na maji yakiingia?"

Majina yote hayo niliyafundisha, kukumba maji nikakusahau! Na mtepe, kwa kuwa ulishonwa, ulivuja sana; mabaharia wake hawakupumzika kukumba maji. Mjukuu wa wajenzi wa vyombo nikaona haya.

Nikamwuliza kwao hufanyaje. Hakunijibu. Aliokota kopo tupu la mafuta ya kupikia, akaingia, akaketi katikati, akaanza kuchota na kumwaga nje, huku akiwakaripia wenzake wasirundikane upande mmoja. Hata nahodha alitii.

Mzazi mmoja alikuja kumchukua mwanawe mapema. Akasimama mlangoni akauliza, si kwa ubaya, kama ada analipa ili mtoto aketi ndani ya boksi. Nilikuwa natafuta jibu la heshima, mara mwanawe akapaza sauti kutoka tezi:

"Mama, ondoka hapo, utazama!"

Mama akarudi nyuma hatua mbili.