Mzee wa Kanisa, Mzee wa Mila

Mwambie mzee wa Kikuria kwamba liko kanisa linaloongozwa na wazee, wala hatashangaa. Atakachotaka kujua ni kimoja: wazee hao waliwekwa na nani?

Ameuliza penyewe. Jina Presbiteri limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya mzee, na kanisa lenye jina hilo limekuja kukaa kwa watu wasiokuwa na mfalme. Wilayani Tarime, Tanzania, koo kama Wanchari, Watimbaru na Wairege ziliishi chini ya wazee wao. Kuna inchama, baraza la siri la wazee wa mila, lenye kauli kuhusu baraka, laana na msimu wa saro, yaani tohara. Kuna pia ritongo, mkutano wa wazi ambako wizi wa ng'ombe hutajwa mbele ya watu wote.

Kwa Wapresbiteri mzee huchaguliwa na waumini wenyewe, kisha huombewa na kuwekwa wakfu mbele yao. Anakaa barazani pamoja na mchungaji, na mchungaji hawezi kuamua jambo la ushirika peke yake. Juu ya baraza hilo ipo presbiteri, inayounganisha shirika za eneo moja na hata kukagua vitabu vya kumbukumbu za vikao; juu zaidi upo Mkutano Mkuu. Mimi nasema utaratibu huu ni ndugu wa karibu wa ritongo kuliko wa inchama. Neno huandikwa, hukaguliwa, na aliyeonewa ana pa kukata rufaa. Tena mzee anaweza kuwa mwanamke, na hata mchungaji. Katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, lililoanzia Kibwezi nchini Kenya mwaka 1891, Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1982. Kwa mama wa Kikuria, ambaye mahari yake ilijadiliwa na wanaume kwa hesabu ya ng'ombe, kuketi barazani na kuhesabiwa kura si jambo dogo.

Wapresbiteri si wengi huku. Wamennonite walifika Shirati, upande wa ziwa, mwaka 1934, na Wakatoliki na Wasabato nao wameota mizizi. Ibada ya Kipresbiteri haina mapambo mengi: wito wa kuabudu, toba, masomo, mahubiri marefu, maombi. Neno ndilo kitovu. Mtoto mchanga hubatizwa kwa maji kidogo, na ushirika mzima huahidi kusaidia kumlea. Ahadi hiyo Mkuria anaielewa haraka, maana kwao mtoto ni wa ukoo. Kiswahili ndicho lugha ya ibada, kwa sababu wilayani Serengeti ukivuka kijiji unakutana na Wangoreme, Waikoma, Wanata. Lakini moyo ukijaa, maombi hurudi kwenye lugha ya mama, na Mungu huitwa Nyamuhanga, Muumba.

Baada ya ibada kuna mnada, na hapo ndipo ninapoupenda zaidi ushirika. Asiye na fedha ameleta debe la mahindi, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu humnunua jogoo kisha humrudisha auzwe tena, na mara ya tatu anapelekwa kwa mjane. Ukitokea msiba, akina mama wa kanisa wako jikoni na kwaya iko uwanjani hadi usiku, hata kama marehemu hakuwa muumini.

Penye uzito ni saro. Kutahiriwa kwa wavulana hakuna anayekupinga; ugomvi uko kwa wasichana. Wapresbiteri wana kidonda cha zamani hapa. Mwaka 1929, wamisionari wa Kiskoti huko Kikuyu, Kenya, waliwataka waumini waweke alama kuapa kuachana na ukeketaji, na watu wakaondoka kwa makundi wakaanzisha shule na makanisa yao. Wamisionari walikuwa sahihi kuhusu madhara ya kisu. Walikosea kudhani kwamba alama ya kidole kwenye karatasi inaweza kushindana na neno la wazee. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini ikifika Novemba na Desemba wasichana bado hukimbilia Kituo cha Masanga, Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu. Katika kazi hiyo Wakatoliki na Waanglikana wametangulia, na Wapresbiteri hawana aibu ya kujifunza kwao.

Lakini wana njia yao pia. Kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa hutembelea kila nyumba iliyo chini yake. Asipokaribishwa ndani ya nyumba, atakaa chini ya mti. Atauliza habari za mvua, za ng'ombe, za mguu wa bibi. Kisha atauliza habari za binti aliyemaliza darasa la saba mwezi Septemba, atalala wapi mwezi huu, na nani ameshakuja kuzungumza. Baba hunyamaza. Mzee hanyanyuki. Anamwomba mama maji ya kunywa, anasogeza kigoda kivulini, na kusubiri jibu.